Mapigo ya Mama

Murghab, Pamir,
9 Novemba 2022.

Mpendwa kaka Kubat,

Salamu kwanza. Hujambo huko Moscow? Kikohozi kimekuachia, au bado unabeba saruji nacho? Sisi wazima, na Mama sasa mzima kabisa. Hilo “sasa” nitalieleza.

Nimejiunga na mafunzo ya huduma ya dharura. Mwalimu Davlatmamad, mtu wa Khorog, alituandikia ubaoni vipimo vya mtu mzima mwenye afya: mapigo ya moyo sitini hadi mia kwa dakika, pumzi kumi na mbili hadi ishirini, oksijeni ya damu asilimia tisini na tano kwenda juu. Tukapimana oksijeni kwa kile kidude cha kubana kidole. Darasa zima themanini na saba, themanini na nane! Kwa ubao ule, sote tulistahili machela. Mwalimu akacheka: “Hii ni ya watu wa bondeni. Nyie wa huku juu milimani hewa haba mmeizoea. Nendeni mkajue mtu wenu akiwa mzima yukoje.”

Unanijua kwa udadisi. Siku kumi na moja nilimshika Mama mkono kila asubuhi. Mapigo hamsini na nne, daima. Pumzi nilizihesabu kwa siri, vidole vikiwa bado mkononi, maana mtu akijua anahesabiwa pumzi huzibadilisha. Zilikuwa kumi na tatu. Mama akachoka: “We Begimai, umekuja kunywa chai au kunikamata?”

Siku ya kumi na mbili, mapigo themanini na nane, pumzi ishirini. Kwa ubao, ndiyo kwanza yuko sawa! Nikamkalisha, nikasubiri, nikarudia. Vilevile.

“Nimetoka kukamua yaki, acha uchuro wako!”

Niliogopa, kaka. Nikampeleka hospitali akinisema njia nzima. Kumbe homa ya mapafu, ndiyo inaanza. Daktari alisema tungechelewa siku mbili, kwa umri wake, tungemkosa.

Amerudi hamsini na nne, na maneno yake yote yamerudi. Jana kasema chai yangu haina chumvi, eti si chai ya kwetu.

Msalimie binamu Tashbolot. Mama anakuombea Mungu akupe njia nyeupe, yenye heri.

Nina ombi moja. Kikohozi kikiisha, kaa kitako, hesabu mapigo yako dakika nzima, uniandikie. Huko uliko hakuna anayejua ukiwa mzima uko vipi. Nataka awepo mmoja, hata kama yuko mbali.

Dada yako akupendaye,
Begimai