Kikundi Kisichotaka Kufuzu

Jumatano, 4 Juni

Kikundi changu cha Watembeleaji kimenishinda. Mwaka mzima nakwenda kuwafundisha uongozi kila Jumatano, na leo nusu ya mkutano wamegombania ufunguo wa kabati. Watu wazima! Kazi yenyewe wanaiweza sana: wanajitolea kuwatembelea wanaoishi peke yao, wazee, wagonjwa, wakae nao wapige soga. Huko hawana kasoro. Ila wakikaa kikao mbele yangu, basi. Mwenyekiti ni mama muuza nguo, tunamwita Spika kwa ajili ya sauti yake. Kasahau ajenda. Katibu, fundi viatu, kasoma muhtasari wa mwezi juzi.

Wakanichelewesha mpaka giza. Chai, kupanga viti, halafu chai tena. Si neno. Nyumbani hakuna anayenisubiri tangu mama afariki. Ndala zake bado ziko mlangoni, sijazitoa.

Ijumaa, 6 Juni

Bosi kaniita. Asasi yetu ni ndogo, kazi yetu kuvishika mkono vikundi vya kujitolea: tunawafundisha uongozi, tunawatafutia chumba, tunawapa mtu wa kuwaelekeza. Kikundi kikiweza kusimama chenyewe kinafuzu, kinakipisha kingine. Sasa kuna wazazi wa watoto viziwi wanasubiri tangu mwaka jana. Wanakutana kwenye ngazi za jengo la watu. Wapita njia wanawaruka.

Nafasi ni moja, bosi anasema, na wangu ndio waliokaa sana. Akauliza, hao ni wazito, au wewe ndiye hufundishi? Nimeomba Jumatano moja zaidi.

Jumatano, 11 Juni

Semina ya asubuhi ilivunjika mapema, nikafika kwao kabla ya wakati. Wanakutana shuleni, darasani, wanafunzi wakishatoka. Kabla sijaingia nikamsikia Spika anaendesha kikao. Nikasimama dirishani. Ajenda moja baada ya nyingine, bila kubabaika. Fundi kasoma muhtasari, ukathibitishwa. Wakagawana kazi: nani aende kwa nesi mstaafu, nani kwa yule baba aliyepooza. Hakuna aliyemkatiza mwenzake. Kwa kweli nilitaka kupiga makofi.

Kisha Spika akasema haya, sasa tuje kwa mtu wetu wa Jumatano. Fundi akasema ule ugomvi wa ufunguo tulitia chumvi mno, leo bora tupotee kwenye ajenda. Mtu akacheka. Spika akamkanya, yule mtoto si mjinga. Mwingine akauliza, sasa tutafanya hivi mpaka lini?

Spika akajibu: mpaka siku atakayoaga mapema kwa sababu ana pa kwenda.

Nilirudi getini nikakaa mpaka saa yetu ikafika. Ndipo nikaingia. Wakapotea kwenye ajenda vizuri sana. Chai nimeinywa, ladha yake sikuisikia.

Alhamisi, 12 Juni

Hasira. Mimi ndiye niliyetumwa kuwasaidia — kumbe mwaka mzima nimekuwa mgonjwa wao. Na aibu pia, niseme ukweli. Wazazi wale wanakaa kwenye ngazi kwa sababu mimi naonewa huruma.

Nimemwambia bosi wamefuzu. Akauliza tangu lini. Nikasema kitambo.

Jioni nikampigia Spika. Nikamwambia mmefuzu, kuna wazazi wanaingoja nafasi yenu tangu mwaka jana, na jana nilikuwa dirishani. Halafu akasema sawa mwanangu, kwa hao wazazi tumekosa, hatukujua kama kuna watu wanangoja. Nikasema asante. Akasema haya, akakata.

Nilidhani angebembeleza hata kidogo. Nimelia jikoni mpaka wali ukaungua.

Jumapili, 15 Juni

Mchana huu, na bado niko na nguo za kulalia. Hodi mlangoni. Nimechungulia pembeni ya pazia: Spika na fundi viatu, wamevaa vizuri. Wawili, kama kanuni inavyotaka. Kanuni nimewafundisha mimi mwenyewe: muende wawili wawili, msiingie bila kukaribishwa, mpige hodi tatu, mtu asipoitika muondoke. Ana haki ya kutotaka wageni.

Ndala za mama ziko pale pale mlangoni. Wataziona. Watauliza. Naandika nimesimama, mwandiko unakwenda ovyo.

Hodi ya pili. Fundi anasema labda amelala. Spika anamuuliza, amelala na redio inaongea?

Sina hata sukari.

Hodi ya tatu. Kwa kanuni, sasa wanaondoka. Natega sikio nisikie hatua zao. Sizisikii.

Hodi ya nne.

Hawajafuzu hawa.