Niliyoyasema Kabla Balwant Hajapanda Ulingoni

Jumapili, alasiri. Mvua ya vuli imekatika sasa hivi na mtaa wetu wote wa Makorora unanuka udongo mbichi. Mke wangu amekwenda kumtazama dada yake. Nimebaki peke yangu na daftari hili, na sina raha.

Mji mzima una furaha isipokuwa mimi.

Tangu jana ngoma za Makalasinga hazijapumzika. Maduka ya Wahindi yanagawa jalebi za sukari kwa kila apitaye, awe Mhindi, Mdigo au Mbondei. Balwant, mhunzi wa karakana ya reli, aliyezaliwa na kukulia hapa hapa Tanga, amembwaga Mgiriki ambaye hakuwahi kubwagwa na mtu katika pwani hii. Wanasema sasa atakwenda Mombasa, kisha Bombay, na kazi yake itakuwa mieleka tu, kama wale ambao picha zao hubandikwa ukutani kwa kinyozi.

Nami siku ya Ijumaa nilisema mbele za watu kwamba pambano limeuzwa.

Nataka niandike yote kama yalivyokuwa, nisijipendelee.

Nimemjua Balwant tangu niliporudi kutoka vitani Burma na kupata kazi karakana. Yeye ni fundi, mimi msaidizi wake. Yeye hushika koleo, mimi hupiga nyundo. Kazini hatukai meza moja wala hatulipwi sawa, na hilo silo la kumlaumu yeye. Lakini nyuma ya nyumba yake, kwenye majumba ya reli, ana shimo la udongo laini, pana kama chumba. Jioni baada ya kazi tulikuwa tukiupindua ule udongo kwa jembe, tukiumwagia mafuta, kisha tukishikana. Alinifundisha mieleka ya kwao, nami nikampa mikono yangu aifanyie mazoezi. Miaka ile ya mwanzo nilimwangusha mara mbili. Hakuna ajuaye ila yeye na mimi.

Baadaye hakuangushika tena. Akaenda kupigana Mombasa, akashinda. Akaenda Nairobi, akashinda, akalipwa. Kila aliporudi tulirudi shimoni kama kawaida, na mimi niliona kwamba sehemu ya ule ushindi ni yangu.

Wiki mbili zilizopita akaja Bwana Kanji, mwandaaji wa mapambano kutoka Mombasa, mtu wa suti nyeupe na maneno laini. Akasema analeta Mgiriki. Balwant akimshinda, safari ya Bombay iko wazi. Wagiriki wa mashamba ya katani huko njia ya Muheza wakafurahi, Wahindi wakafurahi, na sisi pia tukafurahi, maana huyu Kalasinga ni mtoto wa mji.

Jumatano nikaenda shimoni kama kawaida. Nikamkuta Bwana Kanji anatoka mlangoni, akipangusa miwani yake. Hakuniamkia. Balwant akaja nje akaniambia nisije tena mpaka pambano lipite, na kwamba siku ya Jumamosi atakayekaa kwenye kona yake ya ulingo si mimi, ni shemeji yake. Hakunitazama usoni alipokuwa akisema.

Nilirudi nyumbani na moyo mzito. Nikaanza kuhesabu. Kwa nini afunge mlango na yule mtu? Kwa nini aache mazoezi siku tatu kabla ya pambano kubwa kuliko yote? Kwa nini mimi, ambaye najua kila pumzi yake, nitolewe? Jibu likanijia lenyewe, na nililipenda kwa sababu lilikuwa baya.

Ijumaa baada ya sala nilikaa barazani tunaponywea kahawa. Wakubwa walikuwa wanabishana nani atashinda. Mzee Kombo, aliyekuwa nahodha na sasa ni mzee wetu pale, akaniuliza mimi, kwa kuwa namjua Balwant. Nikamjibu kwamba hakuna haja ya kubishana. "Wamekwisha kupatana," nikasema. "Bwana Kanji ameingia mle ndani na mlango umefungwa. Pambano limeuzwa."

Sikusema nadhani. Nilisema kama mtu aliyeona.

Jana mchana uwanja wa shule ya Wahindi ulijaa. Wazungu walikaa viti vya mbele, Wahindi mabenchi, na sisi tulisimama juani nyuma ya kamba. Ulingo ulikuwa wa mbao, umetandikwa turubai na kuzungushiwa kamba za katani. Raundi mbili za kwanza zilikuwa nzuri kutazama, na hapo ndipo nilipozidi kushuku. Zilikuwa nzuri mno. Kila mmoja alianguka kwa zamu, kila mmoja aliinuka kwa zamu. Nilimgusa jirani yangu nikamwambia, unaona?

Raundi ya tatu Mgiriki akamkumbata Balwant kiunoni, akamwinua taratibu, kama mtu anayeinua mzigo kwa ruhusa ya mwenyewe. Balwant akashuka goti moja. Akabaki pale. Mgiriki akamnong'oneza. Balwant akatikisa kichwa. Mgiriki akageuza uso, akamtazama Bwana Kanji kwenye viti vya mbele, na Bwana Kanji akainuka nusu.

Nikasema moyoni, hiyo ndiyo ishara.

Halafu Balwant akaingia chini yake. Akauzoa ule mguu wa kulia, akaubana kwapani, akasukuma kwa bega kama tulivyofanya shimoni mara mia. Mgiriki alikuwa mzito na hakutaka kwenda chini; walizunguka ulingo mzima wakikoroma, pua ya mmoja ikatoka damu ikamchafua mwenziwe, na mbao zililia. Mwishowe mabega yote mawili ya Mgiriki yakagusa turubai, na refa akahesabu mpaka tatu.

Watu walivunja kamba. Makalasinga walimbeba, na vijana wa Makorora wakambeba upande wa pili. Mimi sikwenda. Nilichoona ni uso wa Mgiriki, akimwangalia Bwana Kanji kama aliyedhulumiwa. Nikajiambia kwamba ni Mgiriki ndiye aliyeuza, sasa anajuta. Nikarudi nyumbani, na mke wangu akaniuliza kama Balwant ameumia, kwa jinsi nilivyokunja uso.

Leo asubuhi nikashindwa kuvumilia. Nikaenda majumba ya reli katikati ya mvua.

Balwant alikuwa amekaa barazani kwake, ameosha nywele, zimemwagika mabegani zikikauka. Sikio moja limevimba, jicho limekuwa jembamba. Mkewe, ambaye tunamwita Mama Pritam kwa jina la binti yao, alinipa chai ya maziwa yenye iliki, akaingia ndani bila kuniuliza habari za nyumbani. Kila siku huuliza.

Nilimpongeza Balwant. Akashukuru. Kisha nikamwambia lililonileta.

"Jana yule Mgiriki alionekana kama mtu aliyedhulumiwa. Kwa nini?"

Alizichambua nywele kwa vidole.

"Kwa sababu nilimdhulumu," akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa nianguke."

Akanieleza bila kujitetea. Jumatano Bwana Kanji alimwambia kwamba Mgiriki hawezi kushindwa kwenye mji mdogo kama huu, jina lake litaharibika. Basi Balwant aanguke raundi ya tatu, aanguke vizuri, na safari ya Bombay ataipata vile vile. Alimwambia kwamba huko mbele ndivyo mambo yanavyokwenda, wote huanguka kwa zamu, hakuna aibu. Balwant hakusema ndiyo kwa mdomo, ila alimpa mkono. Ndiyo maana akanifukuza shimoni. Alijua kwamba nikimshika tu mwilini nitatambua hapiganii kushinda. Na hakutaka niwe kwenye kona yake nikiona anajilaza.

Nikauliza kilichombadilisha.

Jana asubuhi, akasema, Mama Pritam alirudi sokoni na kikapu kitupu. Wanawake pale walikuwa wakisema mumewe amejiuza. Wakasema kwa Kiswahili, wazi, wakijua kwamba anasikia. Hakununua kitu. Alifika nyumbani akamuuliza mumewe neno moja tu, kama ni kweli, na Balwant akashindwa kumjibu. Mkewe akamwambia basi, yeye hatakwenda uwanjani, na hatakwenda hekaluni kwao mpaka ajue atatembea na uso gani.

"Nilipopiga goti pale," Balwant akasema, "nilitaka kwenda chini. Mwili ulikuwa tayari. Nikamkumbuka yeye na kile kikapu."

Mimi nilikuwa natazama chai yangu.

"Nani alianza kusema kwamba nimeuza?" akaniuliza.

"Mimi."

"Najua. Nilijua jana ile ile. Nilitaka uniambie mwenyewe."

Nilimwomba radhi. Niliomba vibaya, maneno yakinigongana, maana sikujua naomba radhi kwa lipi. Nilisema uongo uliokuwa kweli. Nilimshuku rafiki yangu kwa jambo ambalo alikuwa amelikubali. Akaniacha nihangaike, kisha akasema kitu ambacho kinanikaa kifuani mpaka sasa.

"Ingekuwa hukusema, Bakari, ningeanguka. Nawe ungekuja jioni kunifariji."

Hapo nililazimika kumwambia lililobaki, kwa sababu alikuwa ananifanya mwema kuliko nilivyo. Nilimwambia kwamba sikusema kwa kupenda haki. Nilisema kwa sababu niliondolewa kwenye kona. Na nyuma ya hilo kuna la zamani zaidi: hakuna Bwana Kanji atakayekuja Makorora na suti yake nyeupe kunitafuta mimi, hata kama niliwahi kumwangusha Balwant mara mbili. Yeye atapanda meli, mimi nitabaki nikipiga nyundo na fundi mwingine.

Balwant hakucheka wala hakukanusha. Alisema tu, "Mara tatu. Ile ya tatu hukuhesabu kwa sababu niliteleza. Lakini ulikuwa umekwisha kunishika."

Kisha akanionyesha karatasi ya mkataba. Bwana Kanji amerudi leo mapema, na hakuja na hasira. Wagiriki wanataka marudiano, Wahindi wa Mombasa nao wameleta simu ya maandishi kumwita, na mtu wa suti nyeupe huzifuata kelele zinakokwenda. Marudiano ni Mombasa mwezi ujao, kisha Bombay mkataba wa mwaka mzima. Hakuna Kalasinga wa pwani hii aliyewahi kupewa karatasi kama hiyo. Nilimsomea sehemu za Kiingereza mara mbili. Haikuandikwa mahali popote kwamba ataanguka. Haikuandikwa pia kwamba hataambiwa aanguke.

Nikamwonyesha hilo kwa kidole. Akasema ameliona.

"Nataka uje Mombasa ukae kwenye kona yangu," akasema. "Shemeji yangu ananipenda sana, yeye ataniamini tu. Nataka mtu anayenishuku."

Nilisema nitafikiri. Mama Pritam alitoka kuchukua kikombe, na safari hii aliniuliza mke wangu hajambo.

Kutoka pale nikaenda moja kwa moja kwenye baraza ya kahawa, kabla sijapata nafasi ya kuogopa. Mzee Kombo alikuwepo na wenziwe. Nikawapa shikamoo, nikasema kwa sauti ya kutosha kwamba Ijumaa nilisema jambo ambalo sikuliona kwa macho yangu, na kwamba pambano la jana lilikuwa la kweli, jasho lake na damu yake. Siri ya Balwant sikuitoa, si yangu.

Wakanitazama. Mmoja akanusa hewa karibu na kanzu yangu, akasema nanuka iliki, nimetoka kwa Kalasinga. Mwingine akauliza nimepewa nini. Mzee Kombo akaniambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, Ijumaa ulisema hivi, leo unasema vile. Sisi tukushike lipi?"

Niliondoka, na nyuma yangu nikasikia wakinisema mimi.

Sasa nimekaa hapa na ngoma zile bado zinasikika. Ninajaribu kufurahi, na ninafurahi kweli, nikiukumbuka ule mguu ulivyobanwa kwapani. Lakini kila nikifurahi swali linakuja. Je, ananiita Mombasa kwa sababu anahitaji jicho langu, au kwa sababu anataka mdomo wangu uwe karibu ambapo atausikia? Na kule Bombay, ambako mimi sitakuwepo na sokoni hakuna anayemjua mkewe, atakapopiga goti moja, nini kitamwinua?

Hili la pili siwezi kulifanyia kitu. La kwanza naweza kulijua kwa njia moja tu.

Kesho kabla king'ora cha karakana hakijalia, nitamwendea msimamizi kumwomba ruhusa ya siku nne mwezi ujao. Akininyima, nitaomba tena keshokutwa. Nitakaa kwenye ile kona na taulo begani, nitamtazama Balwant kila raundi, na nikiona mwili wake umelegea kabla ya wakati, nitamwita kwa jina lake mbele ya watu wote wa Mombasa.