Masista Kumi na Wawili wa Anitha

Adelphi, Maryland
Jumanne, 14 Novemba 2006

Mpendwa Dada Sista Domina,

Tumsifu Yesu Kristo. Goti lako vipi, na masista wenzako hapo konventini wanaendeleaje? Sisi tu wazima. Baba Anitha bado yuko maghalani Landover, mgongo tu ndio unamsumbua.

Lakini dada, moyo wangu hauko sawa. Mwanao Anitha anataka kuacha unesi, kabakiza mwaka mmoja, akasome habari za masista wa Ufaransa waliokufa miaka mia sita iliyopita! Tauni ikawapiga, vita ikawapiga, wakabaki kumi na wawili, mwisho akabaki Sista Petronila peke yake. Alipokufa, wanakijiji wakabeba mawe ya konventi wakajengea mazizi. Leo ni shamba la ngano. Kimebaki kikaratasi cha majina.

Mimi nikaogopa. Nikasema hawa hawana wa kuwaombea, ndiyo maana wamemng'ang'ania mwanangu. Nikanakili majina yote, nikayatumbukiza kwenye boksi la majina ya marehemu wa kuombewa Novemba pale misa ya Kiswahili, wapumzike, wamwachie.

Jumapili padri akayasoma: marehemu wa familia yetu ya Fidelis, kumi na wawili! Watu wakajua tumepata ajali kubwa nyumbani. Jioni sebule ikajaa, Mama Mumbi wa pale kanisani na sufuria lake la githeri, makande ya kwao, wengine tayari wanalia.

Anitha akaingia. Nikajua leo ananiumbua.

"Mama, yamesomwa kwa sauti? Yote?" Kwa Kiswahili, dada, yeye anayenijibu Kiingereza siku zote.

Akakaa chini na wale watu, akawasimulia. Mama Mumbi akamuuliza, "Sasa huyo wa mwisho, ni nani alimzika?"

"Hakuna anayejua, Auntie. Ndicho nataka kwenda kutafuta, wakinichukua chuoni."

Hakuna aliyecheka. Mimi nikawa natazama ndoo ya mchele.

Maana barua ya chuo ya kumchukua ilifika wiki tatu zilizopita, nikaificha humo. Jibu linatakiwa Ijumaa. Yeye anadhani wamemkataa, hata kula hali.

Nilikufikiria wewe. Juzi juzi hapo konventini mlikuwa tisa, sasa mko wanne.

Leo nimeitoa, nimeipangusa vumbi la mchele, iko mezani. Akirudi saa kumi na moja ataiona. Sijui kama atanisamehe. Niombee.

Nisalimie Kaka Cosmas na Laurean. Mungu awalinde hapo mlipo, asimwache hata mmoja wenu bila wa kumzika.

Mdogo wako akupendaye,
Violet