Cheni ya Kyalo

Jumanne, 25 Desemba 2007

Krismasi. Tangi la pikipiki bado lina kutu ndani. Nimetia kokoto na mafuta ya taa, nikalitikisa mpaka mabega yakafa ganzi. Kokoto zimetoka nyekundu. Kesho tena.

Mama Akinyi wa mlango wa pili ameniletea chapati, akanikuta nimelipakata tangi kama mtoto mwenye homa. Ameniambia Krismasi ni ya Yesu, si ya vyuma. Nikamwambia Yesu mwenyewe alikuwa fundi. Akacheka.

Pikipiki hii ilitengenezwa kabla ya Uhuru. Kyalo, mume wangu, aliinunua ikiwa mbovu, akaifungua yote, akafa mwezi wa tatu kabla hajarudisha hata nati moja. Shemeji zangu wakasema niwape wanunuzi wa vyuma. Keateka, msimamizi wa ploti yetu ya vyumba vya kupanga, akasema chumba ni cha kulala, si gereji. Hakuna aliyeniuliza kama naweza kuiunga. Naweza. Shikuku, rafiki wa marehemu, ni fundi kule kituo cha Kawangware 46, na kila Jumapili baada ya kanisa anakuja kunionyesha. Yeye anaelekeza na kumaliza chai yangu. Mikono ni yangu. Nimeapa nitaiendesha mimi mwenyewe kutoka hapa Kianda, Kibera, hadi mlangoni kwake. Wacheke wanavyotaka.

Alhamisi, 27 Desemba

Nimepiga kura. Foleni tangu alfajiri, miguu imevimba. Kidole kina wino, kucha zina grisi. Karani aliangalia kucha kuliko kitambulisho.

Mchana nimesafisha kabureta kwa mswaki wa zamani wa Kyalo. Nje kila mtu ana uhakika ameshinda.

Jumapili, 30 Desemba

Shikuku hajaja. Matokeo yametangazwa jioni na papo hapo kelele, halafu moshi. Mama Akinyi amekuja kukaa kwangu kwa sababu Oti, kijana wake mkubwa, ametoka na hajulikani alipo. Tumekaa kitandani katikati ya maboliti.

Naogopa. Nimeandika hapa ili nisimwambie mtu.

Ijumaa, 4 Januari 2008

Maduka yamefungwa, mengine ni majivu. Shule haijafunguliwa, na mimi ndiye mpishi wa shule, kwa hivyo sina wa kumpikia. Mama Akinyi amenigawia omena, vidagaa vya ziwani. Mimi nimempa nusu ya unga. Oti alirudi, anashinda barabarani na wenzake.

Mafuta ya taa yamebaki chupa moja. Mwenye akili angepikia. Nimeoshea cheni. Imekaa guniani mwaka mzima, ngumu kama fimbo. Njia ya Shikuku ni hii: loweka, sugua, kisha ichemshe ndani ya grisi kwa makaa machache mpaka mapovu yaishe. Hapo grisi imeingia katika kila kiungo. Halafu itundike ichuruzike. Anasema mafundi wa siku hizi wanapaka juu juu tu, kama vipodozi.

Kiungo cha kufungia ncha mbili hakipo. Shikuku anacho mkebeni kwake. Kufika kwake sasa ni kama kwenda ng'ambo.

Jumatano, 9 Januari

Jana mkubwa wa kwetu Ukambani amepewa cheo katika serikali ambayo mtaa huu unasema iliiba kura. Leo asubuhi nimesalimia watu bombani, hakuna aliyeitika. Jana nilikuwa jirani, leo ni Mkamba.

Keateka amekuja na sauti ya chini, kwamba ingekuwa vizuri niende Machakos kwanza, mambo yapoe. Nilimuuliza nani amemtuma. Akaangalia viatu. Nimeishi ploti hii kuliko yeye. Nimewapikia watoto wa hapa mpaka wengine wameota ndevu. Siendi.

Alhamisi, 10 Januari

Wamekuja mchana, vijana sita hivi. Oti alikuwa nyuma yao. Kumbe ndiye aliyewaambia kilichomo ndani. Cheni ya pikipiki ya zamani ni nzito, na walitaka kuizungusha mikononi, si kwenye gurudumu.

"Mathe," mkubwa wao aliniita, kama wanavyomwita kila mama, "tunataka ile cheni ya mzee."

Mungu ana mpango wake. Nilikuwa nimeibandika jikoni dakika hizo hizo, grisi inatoa mapovu kama uji.

"Iko kwa sufuria," nikawaambia. "Tia mkono uchukue."

Walichungulia. Mmoja alisogeza mkono, joto likamrudisha. Oti hakuinua uso. Yule mkubwa wao akasema watarudi ikipoa. Nikamwambia basi nitaongeza makaa.

Walipoondoka niliongeza makaa kweli. Kyalo alinunua cheni ile ili atupeleke Mua Hills tukale machungwa. Haitapasua kichwa cha mtoto wa mtu. Nimekataa.

Ijumaa, 11 Januari

Wamerudi kweli. Wamepekua godoro, magunia, hata unga. Wamenivunjia kioo cha taa ya pikipiki. Wameondoka na ekzosi, lile bomba la moshi, na mguu wa kiki, ule mkono wa chuma wa kuwashia. Bila kiki haiwaki.

Cheni hawakuipata. Nilisimama mlangoni muda wote, na nilikuwa nimejizungushia kiunoni chini ya nguo, juu ya kipande cha shuka, ncha zikafungwa kwa utambaa. Walinipita wakiingia, wakanipita wakitoka.

Nimelia kwa ajili ya kile kioo. Kisha nikakasirika kwamba nimelia.

Jumapili, 13 Januari

Kanisani na cheni. Kukaa ni taabu, kupiga magoti ni adhabu. Mchungaji alihubiri amani. Mimi nilikuwa nimeivaa, na inachoma mbavu.

Alhamisi, 17 Januari

Maandamano. Risasi upande wa chini. Nimelala sakafuni na injini. Jirani wa mwisho, Mkamba mwenzangu, amehama asubuhi na kitanda kichwani. Mama Akinyi amebisha ukutani, nami nikabisha. Ndivyo tulivyozungumza siku nzima.

Jumapili, 20 Januari

Leo nimekwenda kwa Shikuku. Kiuno kimechubuka, siwezi kuendelea kuwa ghala. Niliamua kuitoa cheni Kibera.

Nilitoka baada ya chai, jua limeshapanda. Nguo ya krimu, ya kanisani, nionekane mtu wa heshima. Wapumbavu wako wengi, lakini leo mimi ndiye niliyekuwa mbele yao. Ukichemsha cheni katika grisi, halafu uivae, halafu utembee katika jua la Januari, grisi itafanya nini? Itayeyuka. Nilihisi kitu cha moto kinashuka pajani nikiwa karibu na mtaa wa Olympic. Mbele yangu magurudumu yanaungua, na vijana wamefunga njia.

Wakataka kitambulisho. Jina langu linasema kila kitu. Mmoja akasema huyu si wetu, akanishika mkono. Nikaona mwingine anaangalia nguo yangu, chini ya kiuno. Doa kubwa, jeusi, linazidi kupanuka kama la damu. Hakujua aangalie wapi tena.

Oti alikuwa pale. Akasogea karibu. Yule kijana alilala kwangu nusu ya utoto wake. Harufu ya grisi ile anaijua. Alinitazama machoni, nami sikuyaondoa yangu.

"Huyu mathe ni mgonjwa, hamuoni?" akawaambia. "Wacha aende hosi."

Mkono uliachia. Wanaume wote wakageuka upande, kwa aibu, hata yule mwenye panga. Nimepita katikati yao polepole, kama mgonjwa. Kutembea hivyo hakukuhitaji kuigiza.

Sijui kama nimshukuru Oti au nimzabe kofi. Ndiye aliyewaleta kwangu. Ndiye aliyenipitisha. Yote mawili ni kweli, na usiku huu yananikaa vibaya.

Shikuku alipoona nguo alipiga kelele mkewe alete maji. Nilipofungua utambaa na cheni ikaanguka sakafuni, alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akaacha kucheka, akaniomba nisirudi. Mkewe alishatandika kitanda. Nimewaachia cheni, nimekunywa chai yao yote kulipiza kisasi, nikarudi kwa njia ndefu. Nyumba yangu iko Kianda. Nikihama, wataandika kwamba nilikuwa mgeni.

Jumapili, 3 Februari

Kazi ya polepole. Breki ya nyuma. Nyaya. Taa nimeiziba kwa karatasi ya plastiki. Nguo nimeiloweka mara ngapi sijui, doa liko pale pale.

Ploti imeanza kunisalimia tena, mmoja mmoja, kwa sauti ndogo. Ninaitika kwa sauti kubwa.

Alhamisi, 28 Februari

Wametia sahihi mapatano. Redio zote zimefunguliwa pamoja, watu wanapiga sufuria. Wakubwa wamepeana mikono na kutabasamu. Ninafurahi na nina hasira. Wao wamepata viti. Sisi tuhesabu nini?

Alasiri Oti amekuja peke yake. Ameweka mguu wa kiki kwenye kizingiti, amegeuka aende. Nimemwambia arudi. Nimemuuliza chuma hiki kimegonga nini.

Nimeuliza tena. Amesema, "Mlango, mathe. Milango mingi." Sijui kama ni milango tu. Nimemtupia msasa, nikamwambia akae hapo hapo mlangoni, watu wakipita, asugue mpaka niseme basi. Alisugua hadi giza likaingia. Mama Akinyi alitoka kuanua nguo, akaona kilicho mkononi mwa mwanawe. Mpaka leo hakuwa anajua nani aliwaleta vijana kwangu. Aliingia ndani, akafunga mlango. Nguo zimebaki kwenye kamba.

Jumapili, 2 Machi

Shikuku amekuja baada ya miezi miwili, amechanganyikiwa na furaha. Ameingia akitembea kwa maringo, akafungua koti, kumbe cheni ameivaa kiunoni. Mzee mzima. Tumecheka kama wendawazimu. Mkebe wa viungo alibeba mfukoni. Nimefunga kile kiungo mwenyewe, klipu ikalia tak.

Ekzosi hatuna. Shikuku akasema tujaribu hivyo hivyo, tusikie moyo wake tu. Tukaitoa uani. Kiki ya kwanza, hakuna. Ya pili, kikohozi. Ya tatu ikalipuka kama bunduki.

Ploti nzima ikalala chini. Beseni likapinduka. Mtoto akaanza kulia chini ya kitanda cha mtu. Hata mimi niliinama, na mimi ndiye niliyeiwasha.

Nikazima. Nilikuwa nimengoja mlio huo karibu mwaka, na ulipotoka ukawatia watu hofu. Nimekwenda mlango kwa mlango kuomba radhi. Mlango wa Mama Akinyi haukufunguliwa. Tangu Alhamisi hajasema na mimi, wala na Oti. Shikuku ameahidi ekzosi ya bomba la maji, ndani atajaza waya wa kusugulia sufuria.

Jumapili, 9 Machi

Imefungwa. Inanguruma chini kwa chini, mtu anaweza kusinzia.

Nimevaa ile nguo ya krimu. Shikuku aliuliza kama sina nyingine. Ninayo. Lakini doa hili nimelipata njiani kwenda kwake, na leo nakwenda njia hiyo hiyo.

Shikuku alitangulia kwa matatu, nami nilikuwa nimeshakaa juu ya pikipiki wakati Mama Akinyi alipotoka, kilemba kipya, viatu mkononi. Hakusalimia.

"Kuna nafasi?"

Nikasogea mbele. Alipanda kwa upande, akaona aibu, akakaa sawasawa, akanishika kiuno kwa mikono yote miwili. Palepale ilipokuwa cheni. Bado pananiuma kidogo. Sikumwambia.

Tulipita Olympic. Lami ina duara jeusi pale magurudumu yalipoungua. Oti alikuwa kando ya barabara na vijana wawili. Alisimama alipotuona. Mama yake hakugeuza kichwa, lakini nilihisi vidole vyake vikikaza. Nilipiga honi mara moja. Sijui nilimpigia nani, yeye au mimi mwenyewe.

Kuanzia Ngong Road shingo yangu ililowa nyuma, na mvua haikuwapo. Sikupunguza mwendo, sikuuliza.

Mlangoni kwa Shikuku nilizima injini. Tulibaki tumekaa juu yake kitambo, sote wawili. Cheni ilikuwa na joto. Mke wa Shikuku akaja kuuliza kama tutakunywa chai ya maziwa au ya rangi.