Viti Mbili mu Barabara

Molenbeek, siku ya posho (jumamosi)

Abigaël, mutoto wangu,

Goti inaniuma kidogo, lakini Mungu anatuchunga.

Siku muliuza nyumba mukahamia mu camping-car, nilikataa kupanda. Nilisema: « Mimi siingii mu nyumba yenye iko na usukani! » Bwana yako Guylain alicheka, weye ukalia. Bon, nilikosa. Niliogopa nyumba yenye inatembea itakupeleka mbali na mimi.

Leo munapita. Tangu asubui nimeweka viti mbili mu barabara, nawachungia nafasi ya kusimamisha camping-car. Jirani anapiga honi: « Maman, unangojea nani? » Nikamujibu: « Nyumba ya mutoto wangu! »

Barua hii nitakupa ku dirisha, sababu kinywa itashindwa kusema. Soma polepole. Ukimaliza, unifungulie mulango ya camping-car, nipande. Sombe yenye nimewapikia iko moto.

Mama yako, inje hapa,
Émérance