Bado Hawajataga

14 Januari

Mwanangu mpenzi,

Salamu kutoka kwangu na kwa baba yako. Sisi wazima, ukiacha goti langu la kushoto ambalo siku hizi lina maamuzi yake. Wewe je? Na tumbo? Usiniambie tu kwamba unakula, niambie unakula nini.

Simu sitaki tena. Siku ile uliponipigia kwa jirani nilipiga ukelele mpaka mtaa mzima ukajua una mimba. Tuandikiane kama zamani.

Sasa sikia. Nimenunua kuku! Mitetea watano, wa miezi miwili, miguu mirefu na akili kidogo. Baba yako amewajengea banda uani. Siku nne, mwanangu, banda la kuku watano! Fundi saa akishika nyundo ni shida, anagonga msumari kama anaogopa kuuamsha. Mlango ameutilia bawaba za saa ya ukutani, unafunga vizuri kuliko wa chumbani kwetu.

Hesabu yangu ni hii. Kuku anaanza kutaga akifika miezi sita. Hawa watatimiza miezi sita katikati ya Mei, na wewe unajifungua katikati ya Mei. Nimehesabu kwa vidole mara tatu, baba yako akakagua. Nitapanda basi na trei mbili za mayai mapajani, siku mbili za safari, nije nikulishe. Nilipokuzaa wewe, mama yangu alinipa mayai mawili kila asubuhi. Alisema mzazi amemwaga damu, hajazwi kwa chai.

Wewe lea tumbo, mimi nalea kuku. Tuone nani atamaliza wa kwanza.

Mama yako, bibi mtarajiwa

2 Februari

Shikamoo mama, shikamoo baba.

Nimecheka mpaka mume wangu akauliza kuna nini. Nilipomsomea habari za bawaba akasema baba aje amtengenezee mlango wa lori lake la maji, maana anaufunga kwa kamba.

Nakula wali, maharage, na machungwa kama mwehu. Kazini bado nashona kola za mashati ya shule. Mtoto ameizoea mashine, mama. Ikilia anacheza, ikinyamaza naye anatulia. Jumapili hakuna kazi, basi analala kutwa mpaka naogopa. Mume wangu ameanza kumwigizia mashine, anaweka mdomo tumboni anafanya trrrrr. Mtoto anajibu!

Kuku wana majina? Nawajua wewe na kuku wako.

Mwanao

20 Machi

Mwanangu,

U hali gani? Barua yako imesomwa hadharani. Baba yako alicheka kwenye lile trrrrr, kisha akajifanya anakohoa.

Majina yapo. Mpiga Domo, huyo hanyamazi. Bi Harusi, anatembea kama anashikiwa gauni. Mwenyekiti, lazima ale kwanza. Mvivu, hahitaji maelezo. Wa tano sijampa jina. Walipokuja wenzake walimdonoa wiki nzima. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, lakini na wao walikuwa wageni vilevile! Yeye nimemwachia mjukuu wangu ampe jina siku akijua kusema.

Kutaga bado. Najua mapema, lakini kila asubuhi nachungulia kiota. Baba yako ananiambia yai haliji kwa kutazamwa. Mtu aliyetumia maisha yake kutazama mishale ya saa ananifundisha mimi subira.

Umevimba miguu? Ukikaa, iweke juu ya kiti.

Mama yako, bibi mtarajiwa

11 Aprili

Shikamoo mama.

Miguu imevimba, viatu nimeazima vya mume wangu. Tumenunua ndoo ya kuogea mtoto, ya bluu, na mashuka mawili. Zaidi ya hapo nimekataa, nangoja nimwone kwanza.

Mama, naogopa kidogo. Ukija, njoo ukae sana.

Mwanao

29 Aprili

Mwanangu mpenzi,

Usiogope. Kuogopa ni kawaida, mimi nilimwambia mkunga naenda nyumbani, nitarudi kesho.

Kuku wako karibu! Vilemba vimekuwa vyekundu, na ukimgusa Bi Harusi mgongoni anachuchumaa. Hiyo ndiyo dalili yenyewe. Baba yako ameweka kiotani mpira wa tenisi ya meza ili wajifunze yai ni kitu gani na linakaa wapi. Mwenyekiti ameulalia siku mbili kwa heshima zote. Nimecheka peke yangu uani kama mwendawazimu.

Begi langu liko mlangoni. Nangoja mayai, nangoja na neno lako. Litakalotangulia, naja.

Mama yako, bibi wa wiki mbili zijazo

9 Juni

Mwanangu,

Pole.

Sikuulizi kama u mzima. Nimeanza barua hii mara nyingi, na kila mara salamu inanishinda.

Mume wako alipiga simu kwa jirani tarehe kumi na mbili Mei, saa tatu asubuhi. Aliniambia mtoto alikuwa wa kiume, kwamba alitoka jana yake bila pumzi, kwamba mlimzika siku ileile, na kwamba umeomba asije mtu. Niliuliza, hata mimi? Akasema hata wewe mama, nisamehe. Nilibeba begi hivyohivyo. Baba yako aliniwahi mlangoni, akasema mtoto akisema usije, mzazi anakaa hata kama anakaa juu ya moto. Basi nimekaa.

Ukitaka kuniandikia, andika. Usipotaka, nitaandika mimi.

Kuku usiwawaze. Bado hawajataga.

Mama yako

7 Julai

Mwanangu,

Natumaini umeamka leo ukanawa uso. Sina kubwa. Nakukumbuka kila saa, na nyumba hii unajua ina saa nyingi.

Kuku bado.

Mama yako

18 Agosti

Shikamoo mama.

Barua zako nilizipata zote. Nilikuwa nikishika kalamu, mkono unakataa.

Nimerudi kazini. Wamenitoa kwenye kola, sasa nabandika vifungo. Wenzangu wananisalimia vizuri sana, mno, kisha wanaangalia sakafu. Yule niliyekuwa nakaa naye alijifungua wiki moja baada yangu. Juzi alikuja na mtoto kuwaonyesha, wakampitisha mlango wa nyuma ili nisimwone. Nilimsikia mtoto akilia, nikaendelea na vifungo.

Mume wangu aliificha ile ndoo ya bluu. Nimeikuta ndani ya lori, anawekea matambara ya mafuta. Sikumwambia kama nimeiona.

Niandikie habari za kuku. Nataka kusoma kitu ambacho si pole.

Mwanao

5 Septemba

Mwanangu mpenzi,

Ahsante kwa kuandika. Baba yako alishika bahasha kwanza, hakuifungua, akaja nayo jikoni kwa mikono yote miwili.

Habari za kuku basi. Bado hawajataga, wavivu wakubwa. Wanakula kama wanalipwa. Mvivu amenenepa, akitaka kupanda kwenye kijiti cha kulalia anahitaji kusukumwa. Mwenyekiti ameuvunja mpira wa tenisi ya meza kwa kuukalia. Bi Harusi aliingia chumbani, akajiona kwenye kioo, hatukuweza kumtoa. Na Mpiga Domo, huyo nitamchinja! Kila asubuhi saa nne anatoka bandani anatetea, anatetea, hata taarifa ya habari siisikii.

Unakula nini?

Mama yako

30 Septemba

Shikamoo mama.

Mimi nimekulia nyuma ya kuku wako. Nilipokuwa mdogo ulikuwa unaniambia, ukimsikia kuku anatetea hivyo, kimbia kiotani kabla panya hajakuwahi. Nilikimbia asubuhi zangu zote. Hata siku moja hukunituma kwa kuku ambaye hajataga.

Na nimehesabu kwa vidole, kama wewe. Kuku hawa wana miezi kumi na zaidi.

Njia ya mwongo fupi, mama, hukunifundisha wewe? Walianza lini?

Mwanao

16 Oktoba

Mwanangu,

Umenikamata. Baba yako aliniambia tangu Juni, mwambie mtoto ukweli. Nikamjibu ashughulike na saa zake.

Walianza siku ileile ya simu.

Nilipotoka kwa jirani sikuingia ndani. Baba yako alikuwa dirishani na lenzi jichoni, na sikuwa nimepata namna ya kumwambia. Nikazunguka uani. Kiotani, pembeni ya ule mpira, palikuwa na yai. Dogo kama la njiwa, na mstari wa damu juu ya ganda, kama mayai ya kwanza yanavyokuwa. Lilikuwa la moto. Nililishika mpaka likapoa. Yule kuku alikuwa juu ya ukuta anatetea, anautangazia mtaa mzima. Nilimrushia ndala. Ni yule wa tano, asiye na jina.

Sikuweza kulila wala kulitupa. Nilichimba kwa mikono chini ya ukuta wa banda nikalifukia. Mjukuu wangu sikumwona, sikumshika, sikuwepo mlipomzika. Sikuwa na kitu kingine cha kuweka ardhini. Baba yako alinikuta na udongo mpaka kwenye viwiko, akauliza napanda nini.

Tangu siku hiyo wanataga wote, mayai matatu, manne kwa siku. Nampa jirani. Mimi siyali. Niliogopa nikikuandikia wametaga utaona nakusimanga, kuku wangu wamepata na wewe umekosa. Basi nikaandika bado. Na nikishaandika bado, ile asubuhi inakuwa haijafika.

Nisamehe.

Mama yako

3 Novemba

Shikamoo mama.

Uongo nimekusamehe. Nilichokasirikia ni mayai.

Nusu mwaka huu naishi na watu wanaonificha vitu. Ndoo, mtoto wa mwenzangu, na sasa wewe umeficha mayai yangu. Yalikuwa yangu, mama. Ulinunua kuku kwa ajili yangu.

Unajua nilipotoka hospitali maziwa yalitoka siku tisa? Nilijifunga kifua kwa shuka, moja ya yale mawili. Damu ilitoka kama ya wanawake wote. Uchungu nilioumwa ni uleule, saa kumi na nne, mkunga alinishika mkono akaniambia sukuma mama, na nilisukuma. Lakini nilipofika nyumbani hakuna aliyepika uji wala supu, kwa sababu hivyo vinapikiwa mzazi. Watu walileta pole, wakanywa chai, wakaondoka. Hata hongera moja sikupata. Wanasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mimi naujua. Sasa mimi ni nani, mama? Ulisema mzazi hajazwi kwa chai. Mimi nimejazwa chai.

Nilisema msije kwa sababu nilidhani nitakufa kwa aibu nikikuona na begi lako. Nilikosea. Siku ya tatu tu nilikuwa nasikiliza kila basi linalopita.

Alikuwa na nywele nyingi. Vidole vyake virefu vyembamba, vya baba, vya fundi saa kabisa. Walinipa nimshike mpaka adhuhuri. Nilimwangalia vizuri kila mahali. Hakuna mtu hata mmoja aliyeniuliza alifanana na nani. Nilitaka uniulize wewe.

Mwanao

15 Novemba

Mzazi mwenzangu,

Hongera. Hongera kwa kujifungua mtoto wa kiume. Nimechelewa miezi sita kulisema, na hilo nitalilia mpaka naingia kaburini.

Barua yako nilimsomea baba yako. Tulipofika pale pa vidole alivua lenzi, akaitazama mikono yake, akatoka nje. Alikaa bandani mpaka chakula kikapoa. Aliporudi alikuwa na mayai manne, akayapanga mezani, akaanza kuyafunga moja moja kwa karatasi laini, kama anavyofunga saa ya mteja. Tangu siku hiyo ndiyo kazi yake. Ya zamani tumeyaacha, anakusanya mabichi tu.

Jirani nimemwambia mayai basi, yana mwenyewe. Amenuna, lakini amekubali kuwalisha kuku tukiwa safarini.

Tunapanda basi Alhamisi ya wiki ijayo, alfajiri. Mimi trei moja mapajani, baba yako nyingine. Mwambie mkwe wangu aitoe ile ndoo kwenye lori, aioshe, airudishe ndani. Naitaka niione. Na mtanipeleka mlikomlaza.

Teleka maji. Utakula mawili kila asubuhi, mimi nimekaa mbele yako, na utanisimulia. Anza na nywele. Nikilia usinyamaze, wewe endelea tu, nataka kumjua kila mahali.

Alifanana na nani?

Bibi yake