Ukuta wa Kinu cha Unga, Richmond

Jumatatu, 10 Aprili 1865

Vioo vya picha kumi na viwili leo, vibovu viwili. Mji wote jivu. Bwana Crail, mwajiri wangu, anataka picha ya ukuta wa kinu cha unga — futi sitini, umebaki peke yake. Dawa ya vioo nimepaka mimi, picha nimepiga mimi, vidole vyeusi ni vyangu. Kadi zitachapwa jina lake! Miaka saba nilihenya nijikomboe utumwani, na bado sina jina. Mwanga mbaya. Nimeacha misumari mitatu ilipokanyaga miguu ya kamera, tuje turudie.

Jumatano, 12 Aprili

Tumerudia, misumari ileile. Halafu nikakosea kubandika zile picha mbili za kadi, moja kwa kila jicho: picha ya jicho la kushoto ya Jumatatu, ya jicho la kulia ya leo. Nikaitia kadi kwenye kitazamio, kinachoziunganisha mbili ziwe moja yenye kina. Barabara sawa, vifusi sawa — ukuta umenijia usoni! Macho yakauma. Nikachukua bikari, nikazipima picha mara nne. Ncha ya ukuta imesogea inchi tisa kwa siku mbili. Si kamera iliyosogea: bomba la moshi la jirani halijasogea hata unywele.

Chini ya ukuta anaishi Keziah, dobi, na binti zake wawili. Unawakinga upepo.

Alhamisi, 13 Aprili

Nimemwambia Keziah ahame. Akacheka, mikono imejaa povu. Eti, "Kaka Lemuel, moto wenyewe umeushindwa ukuta huu, utaangushwa na bikari yako?" Nikamwonyesha kadi. Akasema imempa kizunguzungu, nimrudishie macho yake.

Bwana Crail naye: picha bila mtu ni bapa, wanunuzi wa Kaskazini wanataka mtu aonekane kama wa kumgusa. Akawapanga wote watatu pale pale chini. Nikamwambia, inchi tisa! "Lemuel, nimekuajiri upige, si upime."

Nikafungua kamera, nikahesabu hadi nane, kioo kishike picha. Hakutikisika hata mtoto. Nimepiga — ndiyo, nimepiga.

Ijumaa, 14 Aprili, asubuhi

Nimekiweka kioo cha jana dirishani. Keziah: kila uzi wa aproni unaonekana. Binti mdogo: mpaka kifungo kilichokatika. Beseni, kamba, nguo — vyote safi kabisa. Juu yao ukuta una ukungu. Nimefuta kioo. Nimefuta tena. Si uchafu.

Kwa hesabu ya nane walitulia wote. Ukuta haukutulia.

Bwana Crail yuko mlangoni, amefurahi. Anasema watatu wa jana walipendeza. Leo amepata watano, na amekwisha kuwasimamisha chini ya ukuta. Anataka nibebe kamera.

Kutoka hapa hadi kinuni ni hatua mia sita. Nakwenda mbio kuwaondoa; sibebi kitu.